Herufi Moja Kwenye Kibali cha Kombe

Kuna uongo mtamu unaouzwa pamoja na kombe wakubwa wa baharini, wale wa jenasi ya Tridacna, katika maduka ya akwaria ya Ulaya na Marekani. Mnunuzi huambiwa kwamba mnyama huyu anakula jua. Mpe taa nzuri, basi, naye atakupambia sebule kwa rangi ambazo hakuna ua linalozifikia. Nauita uongo mtamu kwa sababu nusu yake ni kweli. Kwa bahati mbaya nusu hiyo ya kweli ndiyo inayomuua kombe, na ndiyo pia inayotumika kuhalalisha biashara ambayo nchi za pwani kama yetu zinapaswa kuikagua kwa jicho kali zaidi.

Tuanze na nusu ya kweli. Ndani ya joho la kombe, yaani ule utando mnene wa buluu, kijani au zambarau anaoutandaza nje ya magamba, huishi vimwani vya chembe moja kwa mamilioni. Vimwani hivyo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo huwa riziki ya mwenyeji wao. Ndiyo maana kombe hawa huishi kwenye miamba ya matumbawe yenye maji maangavu, joho likielekezwa juani. Nusu inayofichwa ni kwamba kombe hajengi nyama peke yake, anajenga jiwe. Magamba yake ni chokaa, na malighafi ya chokaa hiyo huichota katika maji yanayomzunguka. Tridacna gigas, mkubwa kuliko wote, huweza kupita urefu wa mita moja na uzito wa kilo 200, na sehemu kubwa ya uzito huo ni gamba. Bahari haihisi chochote ikichotwa kiasi hicho. Hodhi la lita 400 lenye kombe na matumbawe huhisi ndani ya siku chache.

Kwa hiyo mfugaji wa kweli ni mtu wa vipimo. Kalsiamu aiweke kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, alikalini isiyumbeyumbe, joto kati ya nyuzi 24 na 27, chumvi karibu gramu 35 kwa kilo ya maji. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi hubaki, hivyo kila siku aongeze maji baridi yaliyochujwa. Samaki wake wakiugua, asithubutu kutia hodhini dawa yenye shaba, kwani dawa inayomponya samaki humuua kombe. Akimtoa kombe kwenye hodhi la duka lenye mwanga hafifu na kumweka ghafla chini ya taa kali, atamuunguza. Akimng'oa kwa pupa kutoka kwenye jiwe, atararua tezi inayotoa nyuzi za kujishikilia, na kombe aliyeraruliwa hapo huenda asimalize mwezi. Halafu kuna konokono weupe wadogo kama punje za mchele, wanaojificha mchana chini ya gamba na kumfyonza usiku. Tiba yao ni kumkagua kombe kwa mkono na kumsugua gamba kwa brashi, kisha kurudia, maana mayai hubaki.

Anayekosa mwanga wa kutosha hafi siku ile. Hudhoofika kwa miezi, ukuaji wa gamba husimama, joho hunywea, mpaka asubuhi moja magamba yako wazi na hayafungi tena hata kivuli cha mkono kikipita juu yake. Kombe mzima hufunga mara moja, kwani ukingoni mwa joho ana vijicho vingi vinavyotambua kivuli. Kwa muuzaji, kuchelewa huku kwa kifo ni faida. Risiti imekwishakatwa zamani, na mnunuzi hujilaumu mwenyewe kisha hurudi kununua mwingine.

Siandiki haya kwa kuwadharau wafugaji. Nilipokuwa nikisomea uzamivu Ujerumani, nilipanga ghorofa moja na mzee mstaafu aliyekuwa na hodhi la namna hii. Kila Jumamosi alipima maji kabla ya kunywa kahawa, na vipimo vyote aliviandika katika daftari lenye miaka kadhaa ndani yake. Kombe wake alikuwa wa kiganja kimoja. Nimekaa kwenye kamati nyingi za umma tangu nirudi nyumbani, na sijaona idara inayotunza kumbukumbu za chanzo chochote cha maji kwa uaminifu wa mzee yule kwa mnyama mmoja. Aliponionyesha hesabu zake ndipo nilipoanza kufikiri kisiasa juu ya kombe. Taa ilikuwa imemgharimu fedha nyingi kupita kombe mwenyewe. Umeme, chumvi ya kutengenezea maji, pampu, vipimo, vyote vilikuwa na bei na vyote vililipwa. Kombe ndiye aliyekuwa rahisi.

Swali la mtu wa uchumi wa siasa ni kwa nini. Mwamba wa matumbawe umempa kombe huyohuyo mwanga, kalsiamu, joto na samaki wanaomla konokono, kwa miaka na miaka, bila ankara. Anapotolewa mwambani na kuuzwa, hakuna anayeilipa kazi hiyo. Kinacholipwa ni kazi ya mzamiaji kwa bei ya siku hiyo, tena bei ya mtu asiye na mahali pengine pa kuuza. Gharama zote zinazoonekana zimelipwa katika mji wenye theluji, na ile isiyoonekana imeachwa kwa mwamba na kwa wale wanaoshuka kutafuta kitoweo maji yanapokupwa wakati wa bamvua. Biashara inayogawa gharama kwa namna hiyo haina haki ya kujiita uhifadhi, hata kama mnunuzi wa mwisho ana mapenzi ya dhati na daftari safi.

Wapo watakaosema: bahari ni kubwa, tukichukua wachache wengine watazaana. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kombe wangekuwa mbuzi. Kombe mzima hasogei. Huachia mbegu za kiume majini, kisha mayai, na mayai hayo hurutubishwa vizuri ikiwa tu kuna mwenzake wa karibu aliyeachia mbegu zake wakati uleule. Wakitawanyika mno, hata walio hai huwa wazee wasio na watoto. Unaweza kuhesabu kombe kwenye mwamba, ukaandika ripoti kwamba bado wapo, na mwamba huo ukawa umekwisha. Fiji iliwahi kuwa na Tridacna gigas wa asili. Walitoweka, na ikabidi waliorudishwa huko watoke Australia. Pwani yetu ina wakubwa wa kadiri tu, hasa Tridacna maxima na Tridacna squamosa, ambao nao hupoteza vimwani vyao bahari inapopata joto kupita kiasi kama ilivyokuwa mwaka 1998 na 2016. Mwamba uliokwisha kupigwa na joto hauna ziada ya kutoa.

Hapa ndipo ninapotaka watumishi wa umma wanisikilize. Kombe wa jenasi hii wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES tangu miaka ya 1980, na nchi yetu ni mwanachama. Maana yake ni kwamba kombe hai havuki mpaka kihalali bila kibali. Nacho kibali hicho hubeba herufi moja inayotaja asili ya mnyama. W ni wa porini. C ni aliyezalishwa mikononi mwa binadamu kwa masharti kamili. F ni aliyezaliwa kwenye kituo bila kutimiza masharti yote ya C. Kwa wa porini, mkataba unadai wanasayansi wa nchi wathibitishe kwanza kwamba biashara haitadhuru uhai wa spishi. Sharti hilo huweza kugeuka kuwa sentensi moja ya kunakili, "uvunaji huu ni endelevu", inayohama kutoka faili hadi faili bila mtu kulowa miguu. Na palipo na herufi mbili, moja yenye maswali mengi na nyingine yenye machache, kishawishi cha kuandika ile nyepesi hakihitaji maelezo.

Lakini kombe mwenyewe ni shahidi. Wa kituoni husafirishwa kwa makundi ya rika moja, wengi wakiwa na sentimita chache tu, magamba safi, nyuzi nzima. Sanduku lenye kombe wa ukubwa tofautitofauti, wenye magamba yaliyoota matumbawe na sponji, na tundu la chini limechanika, linadai maswali hata kama fomu imeandikwa C kwa wino mzuri. Kuyauliza hakuhitaji shahada ya biolojia.

Kuzalisha kombe si ndoto. Katika miaka ya 1980, kituo cha Palau chini ya Gerald Heslinga na wenzake kilionyesha kwamba kombe wanaweza kuzalishwa kwa wingi. Ufilipino, Edgardo Gomez na wenzake huko Bolinao walizalisha na kurudisha makumi ya maelfu kwenye miamba iliyokuwa imekombwa. Mabuu huogelea kwa wiki moja hivi kabla ya kutulia chini. Hawarithi vimwani kutoka kwa wazazi, hivyo hupewa. Na baada ya hapo mahitaji makubwa ni jua, maji safi ya bahari yanayopita, na uvumilivu wa miaka miwili au zaidi. Mzee wangu wa Ujerumani alinunua jua kwa kilowati. Sisi tunalo, bahari tunayo, tuna na Taasisi ya Sayansi za Bahari Unguja, ya tangu 1978. Wanafunzi wangu wanaoniletea kila mwaka mada ya tasnifu inayoanza na "changamoto na fursa" wangeweza kwenda kuuliza kinakosekana nini.

Najua baadhi ya wanaharakati watataka marufuku ya jumla, kombe asiuzwe kabisa. Naheshimu hasira yao, ila naipinga shabaha yake. Uharibifu mkubwa wa kombe katika Bahari ya China Kusini, ambao mahakama ya usuluhishi iliueleza katika hukumu yake ya tarehe 12 Julai 2016, haukufanywa kwa ajili ya hodhi za sebuleni. Wavuvi walitumia mapanga ya injini za boti kuchimbua mwamba ili wapate magamba ya kuchonga vinyago na mapambo. Kumfungia soko mkulima wa kombe wa Palau au Visiwa vya Marshall hakumzuii mchimbaji huyo. Kunamwondolea tu mwanakijiji sababu ya kulinda wazazi wa kombe walio mbele ya nyumba yake. Kwa upande wa pili, wauzaji nao waache kutuambia kwamba kila kombe aliye hodhini ameokolewa. Kombe aliye peke yake sebuleni, hata akiishi miaka 20 chini ya mikono ya mfugaji hodari, mayai yake huishia kwenye kichujio.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Herufi W isitolewe kwa kombe hai wa akwaria kutoka pwani yetu. Kituo kikianzishwa, sehemu ya watoto wake irudi mwambani, katika maeneo ambayo wanavijiji wenyewe wamekubali kuyalinda, na idadi ya waliorudishwa iandikwe kwenye leseni sawasawa na idadi ya wanaouzwa. Na mwombaji wa kibali akifika mezani, afisa amuulize: wazazi wa kombe hawa wako wapi, walizaa lini, waliokufa kituoni ni wangapi, na daftari la vipimo vya maji liko wapi? Mstaafu mmoja mwenye hodhi moja aliweza kulijibu hilo la mwisho kwa kunyoosha mkono rafuni. Mfanyabiashara anayeomba kusafirisha mamia asipoweza, arudishiwe fomu yake.