Kompyuta imeingia sebuleni, somo la kwanza limebaki ofisini

Naandika toka Kilwa Masoko. Leo tuongee jambo ambalo wengi tunalichukulia poa, kumbe linawatia watu hasara.

Mjomba wangu ananunua pweza kule Kivinje. Mwaka jana alileta kompyuta ya mtumba toka Dar, akalipia na kozi ya mwezi mmoja. Wakamfundisha historia ya kompyuta, sehemu zake, na kuchapa barua kwa Kiingereza. Cheti akapata.

Siku moja alishinda anahamisha hesabu za wavuvi toka kwenye daftari. Kila ukurasa akimaliza anauchana, maana aliamini kinachoonekana kwenye kioo kimeshaingia ndani. Jioni umeme ukakatika. Mpaka leo wanabishana nani anamdai nani.

Mtasema mjomba mzembe. Mi sikubali. Kozi nilizoziona huku zimetungwa kwa mtu wa ofisini, mwenye fundi na jenereta. Nyumbani hamna. Na cha ajabu, gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu hii hii, inapita kwenye bomba kwenda Dar kuzalisha umeme tangu 2004. Sie majirani wa kisima tunafundishwa kompyuta kana kwamba umeme haukatiki!

Lugha nayo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nao wakaiwekea Windows Kiswahili. Kwa hiyo menyu za Kiswahili zipo miaka zaidi ya 20, ila mwalimu bado anasema "save" na mzee anaitikia tu. Kutafsiri menyu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumweleza mtu hiyo menyu inamwokoa na nini.

Kwa maoni yangu siku ya kwanza iwe hivi, kwa Kiswahili:

1. Andika mistari miwili, bonyeza Ctrl na S, lipe faili jina. Zima, washa, lifungue tena.
2. Linakili kwenye flashi. Flashi ikae mbali na kompyuta.
3. Kuzima ni kupitia menyu, sio kuchomoa waya.
4. Kabla hujanunua mtumba, uliza Windows ipi. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali 11. Hizo waweza kuziwekea Linux, bure.

Historia ya kompyuta ije wiki ya pili, haimpotezei mtu hela.

Jumapili nimemfundisha mjomba hilo la kwanza. Alipozima na kuwasha akaikuta mistari yake, akaniangalia: "Mpwa wangu, jambo dogo hivi lilishindikana nini kuniambia siku ile?" Sikuwa na jibu.

Nawasilisha. Nyie wa Lindi mjini, Nangurukuru na kwingineko, huko kozi zinaanza na nini?