i7, i7, i7... jamani nimechoka!

Wadau, leo rumeti kanitibua. Bumu limeingia, nataka kubadilisha prosesa ya kompyuta yangu ya gemu, yeye ananikomalia niiuze nikachukue ya mtumba yenye i7-2600, eti "kwa sababu ni i7". Na anasoma mambo ya kompyuta huyo!

Jamani, hiyo ilitoka 2011. Viini 4, halafu haina AVX2, na gemu kadhaa za sasa bila hiyo hazifunguki kabisa. Hata i3-12100 ya 2022 inaiacha mbali. Hiyo 7 ni daraja ndani ya kizazi chake tu, siyo cheo cha milele.

Mimi nina bodi ya B450 na Ryzen 3 2200G. Soketi ni AM4, kwa hiyo Ryzen 5 5600 inakaa palepale: viini 6, wati 65. Bodi ileile, RAM ileile. Ila BIOS naisasisha kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Na kadi yangu ya GTX 1650 haitoki, maana 5600 haina grafiki ndani, skrini itabaki nyeusi.

Sasa bumu lenyewe ndilo la kula, nilichome kwa ajili ya stika? Kesho naenda Kariakoo. Asinifuate.