Weka Mauzo Yako Kwenye Ramani, Lakini Acha Mlango wa Mteja

Duka la leso pale Biashara Street halina shida ya kupatikana. Mgeni ataelekezwa: pita pale, ingia kushoto, uliza kwa muuza mabuibui. Binadamu anafika. Excel haifiki. Ndiyo maana naona kila mfanyabiashara anayepeleka mizigo aongeze namba mbili kwenye rekodi zake za mauzo: latitudo na longitudo.

Utasema, si taarifa ya till ninayo? Unayo, lakini inakuonyesha kiasi, saa na aliyelipa. Mzigo ulienda wapi, haisemi. Mtu analipa akiwa Kongowea, leso zinaenda harusini Malindi. Na kama maduka mawili yanatumia till moja, hata hujui ni lipi limeuza.

Kuzipata namba hizo ni bure. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza mahali bila kuachilia, zinatokea. Mombasa mjini ni kama -4.06, 39.67. Usisahau ile alama ya kutoa! Ukiiacha, duka lako linahamia Ethiopia, juu ya Moyale. Ukizigeuza namba, umefika Uhispania karibu na Toledo, na huko sidhani kama kuna soko la leso.

Ukishajaza, Google My Maps inasoma faili la Excel na kukuwekea nukta. Tuseme nukta nyingi zimerundikana Likoni. Hapo una swali la pesa: ukodishe duka la pili, au ukubaliane na mtu mmoja wa boda avushe oda zote mara moja kwa siku? Ramani haitakujibu peke yake, maana inapima umbali kwa mstari ulionyooka. Foleni ya feri haiijui. Wewe unaijua.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wanalichukulia poa. Desimali nne zinakaribia mita 11, yaani mlango wa mtu. Desimali mbili ni kama kilomita moja, yaani mtaa. Duka lako liwekee hata tano, ni la umma. Mteja mwekee mbili. Dada anayeagiza akiwa nyumbani alikupa lokesheni ili mzigo umfikie, basi. Jina lake, namba yake ya simu na mlango wake vikikaa kwenye faili moja linalozungushwa WhatsApp na wafanyakazi, siku mmoja akiondoka kazini anaondoka navyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu lokesheni kuwa kitu kinachoweza kumtambulisha mtu, sawa na jina, na inakutaka umwambie unaichukua kwa kazi gani.

Kwa kuamua duka la pili likae wapi, mtaa unatosha kabisa. Pini aliyokutumia mteja mpe mtu wa boda, mzigo ukifika ifute, na kwenye Excel ibaki -4.08, 39.66 pekee.