Rubaya iko kwenye kompyuta zao, sisi tuko wapi?

Makampuni makubwa ya dunia yanajisifu: tumeingia kwenye mageuzi ya kidijitali, sasa tunajua kila kitu kinatoka wapi. Sawa. Sisi vijana wa Kivu tunauliza: mkishajua, mnafanya nini?

Rubaya peke yake inatoa karibu 15% ya koltani ya dunia. Tantalum yake iko ndani ya simu unayoshika saa hii. Mwaka 2010 sheria ya Dodd-Frank ya Marekani ililazimisha makampuni kueleza kama madini yao yanatoka Kongo. Ndipo zikaja etiketi za ITSCI: kila mfuko na namba yake, namba inaingia kwenye kompyuta. Baadaye SMB, iliyokuwa na kibali cha kuchimba hapa, ikahamia mfumo wa RCS Global, wenye kutumia data za simu. Etiketi mpya, shimo ni lile lile. Na namba inafuata mfuko, haifuati mtu aliyeuchimba.

Mwisho wa Aprili 2024 M23 ikateka Rubaya. Apple ilieleza Desemba ya mwaka ule kwamba ilikuwa imeambia wauzaji wake wasimamishe kununua madini ya Kongo na Rwanda. Kwenye ripoti ya kampuni inapendeza. Lakini koltani haikusimama. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba tani zisizopungua 120 zilikuwa zinavuka kwenda Rwanda kila mwezi, na M23 ilikusanya kama dola 800,000 kwa mwezi.

Basi mkakati wenyewe ni huo: kujua mapema ili utoke mapema, jina libaki safi. Mchimbaji anabaki na beleshi yake na mwenye bunduki. Hatusemi makampuni yanunue kwa M23, hapana! Tunasema data iliyokusanywa mgongoni mwa watu isiishie Ulaya.

(Tuko wengi wenye diploma za informatike tunaouza mauniti barabarani Goma. Hakuna aliyetuuliza.)

Tunadai kilo, bei, kodi na ajali za kila shimo viwekwe wazi, kwa Kiswahili, mchimbaji avisome kwenye simu yake ndogo. Tunadai vijana wa hapa waajiriwe kuzikagua. Na kampuni inayoondoka iseme hadharani inawaachia nini wale waliochimba.