Mfalme Mwenye Kadi Tatu

Mteja ni mfalme, tunaambiwa. Utalisikia neno hilo kwa wakala wa mtandao pale Bunia, kwa mkubwa wa serikali anayehojiwa redioni, hata kwa wasomi wetu wanaorudi kutoka Kinshasa na Kampala. Congo ina kampuni nne kubwa za simu: Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Ziacheni zishindane, wanasema, bei zitashuka, minara itaenea, mwananchi atachagua. Haya, tumfuate mfalme huyo hadi Gety, kusini mwa Bunia, katika usultani wa Walendu Bindi, teritwari ya Irumu, tuone anatawala nini.

Mkononi ana simu ndogo ya kadi mbili. Kadi ya tatu ameiviringisha ndani ya noti iliyochakaa ili isipotee. Moja inashika akiwa sokoni. Nyingine mpaka apande kilimani. Ya tatu hana kazi nayo ila kupokelea pesa za mtoto wake aliye mjini, maana mtoto yuko mtandao huo. Wataalamu wa soko wakiziona kadi hizo huandika kwamba mteja wa kijijini ana uhuru mkubwa wa kuchagua. Uhuru upi? Amenunua mara tatu kitu ambacho kampuni moja ingempa mara moja, na bado akiwa shambani hapatikani.

Sisemi ushindani haujafanya kitu. Wenye umri wanaikumbuka Telecel ya miaka ya 1980, simu ya mkononi ilipokuwa mali ya mawaziri na matajiri wa Mobutu. Celtel ilipoanza mwaka 2000, na Vodacom mwaka 2002, nchi ikiwa bado vitani, muuza samaki naye akapata namba yake. Lakini ushindani huo ulikimbilia wapi? Kwenye watu wengi, barabara nzuri na pesa. Mjini Bunia kampuni zinamgombea mteja yuleyule kwa mega za bure na fulana. Ukishaipita Bogoro, njiani kwenda Gety, hakuna anayekugombea.

Hesabu yenyewe haina fumbo. Mnara uliosimama mahali pasipo na waya wa umeme wa SNEL unahitaji mazuti ya jenereta au mabamba ya jua. Mazuti yanapita katika barabara inayofungwa na mvua, na mvua ikipisha inafungwa na bunduki. Mlinzi anataka mshahara, fundi anataka gari. Ikiwa kampuni ya kwanza inaona hasara, ya pili itafuata nini? Kuja kugawana wateja wachache waliopo ni kuongeza hasara. Mahali penye riziki ya mmoja, kuita wanne washindane ni kuhakikisha haji hata mmoja.

Kuna wanaojibu kwamba watu wa huko ni maskini, hawana haja kubwa ya simu. Huo ni uongo, tena wa dharau. Mtu anayelipa kuchaji simu yake kwa mwenye sola, anayenunua inite za kupigia kidogo kidogo kila zinapoisha, anayepanda kilima jioni ili asikie sauti ya ndugu yake, huyo hana haja? Katika Irumu simu ni ulinzi. Habari kwamba njia fulani ina watu wenye silaha inatakiwa kumfikia mama kabla hajatoka na jembe. Mteja wa mjini mtandao ukikatika hukosa video tu. Haja zipo tele. Kinachokosekana ni faida ya kampuni, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Na mfalme wetu alipotaka kweli kutawala, ikawaje? Kumbukeni RAM, tozo ya rejista ya simu iliyoanza mwaka 2020: dola 1.17 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Inite zilikatwa, uwe mtandao huu au ule. Mteja angehamia wapi? Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2022 baada ya kelele za wananchi, wanaharakati wa LUCHA na wabunge. Haikuangushwa na watu kubadilisha kadi.

Kampuni zenyewe haziiamini hadithi hii ya ushindani. Januari 2025 Vodacom na Orange, wanaojitangaza kuwa mahasimu, walitangaza mpango wa kujenga kwa pamoja minara ya jua vijijini, inayoweza kufika 2,000. Wameona kwamba kijijini hakuendeki kwa kushindana. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda iliona hivyo zaidi ya miaka 20 iliyopita: ushindani uliachwa mjini ufanye kazi yake, na kampuni zikatozwa asilimia 1 ya mapato kwa ajili ya mfuko wa mawasiliano vijijini.

Sisi nasi mfuko tunao, katika sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020. Umeandikwa vizuri sana. Kwa hiyo wabunge wa Irumu waache kuomba kampuni ya tano. Waitake ARPTC, mamlaka inayosimamia kampuni za simu, itangaze hadharani, teritwari kwa teritwari, mnara upi unafanya kazi na upi umezimika. Wauulize mfuko huo umejenga nini kusini mwa Bunia. Wadai pia kwamba palipo na mnara mmoja tu, kadi ya kampuni yoyote ishike hapo. Nawe msomaji, mbunge akija kuomba kura na fulana yake ya kampeni, muulize hayo matatu kabla hujaipokea.