Mama, pipa lako lilibeba nini?

Kila mara wakubwa wanapoamua kupigana na pombe hapa kwetu, wanaanzia kwenye lupango la mama. Lutuku inamwagwa chini, mama anatukanwa mbele ya watoto wake, kisha gari linaondoka. Pipa linabaki. Kesho yake mama yule yule analisafisha na kulijaza tena, na hakuna aliyemuuliza lile swali ambalo mimi naona ndilo la kwanza: hili pipa lilibeba nini kabla ya kufika kwako?

Swali hilo, niseme ukweli, lilinijia kwa sababu ya bia ya Ulaya. Ndugu mmoja wa Likasi anayekaa Ubelgiji alikuja likizo na chupa ya bia nyeusi inayoitwa Cuvée Delphine, ya kiwanda cha De Struise, kule Oostvleteren. Ina digrii 13. Tembo ya Brasimba, ambayo vijana wetu wanaiita nguvu ya mwanaume, iko mbali nyuma yake. Tulikuwa watu sita kwa chupa moja ndogo, naye akatugawia kidogo kidogo kama dawa ya kikohozi. Nyeusi kama mafuta ya moteri. Kwanza unasikia kahawa, kisha sukari iliyoungua, na wakati umeshameza ndipo inakuja harufu ya mbao na whisky. Papa mmoja, mstaafu wa Gécamines, alisema inafanana na munkoyo uliosahauliwa jikoni wakati wa matanga. Tulicheka sana, lakini glasi yake aliimaliza.

Ile whisky inatoka wapi? Inatoka kwenye pipa. Weusi na ile ladha ya kahawa vinatoka kwenye shayiri iliyochomwa, lakini bia ikishaiva inalazwa miezi mingi ndani ya mapipa ya mbao yaliyobeba burbon ya Four Roses, whisky ya Kentucky. Sheria ya Marekani inataka burbon iwekwe katika pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Kwa hiyo, likishatumika mara moja, mwenye whisky hana kazi nalo tena kwa burbon, analiuza, na watengenezaji wa bia wanalinunua. Mbao ilikunywa whisky kwa miaka, sasa inairudisha ndani ya bia. Na wenye bia hawafichi kitu: wanakuambia pipa lilikuwa la nani na lilibeba nini, na kwa habari hiyo wanapandisha bei.

Pipa kama lile linabeba karibu lita 200. La kwetu pia ni la lita 200, ila ni la plastiki, la rangi ya buluu.

Na la kwetu linatoka wapi? Tunakaa katikati ya migodi. Viwanda vya shaba na kobalti vinatumia asidi ya salfa, vinatumia metabisulfiti, vinatumia dawa za kuchotea shaba ambazo zinachanganywa na mafuta ya jamii ya petroli. Vitu vingi vya namna hiyo vinasafiri ndani ya mapipa na mabidoni. Vikiisha, chombo kinabaki kizima, kizuri, chenye kifuniko, na mtu mwenye akili ya biashara hawezi kukiacha kikae bure. Nilipita kwa wauzaji watatu kuuliza. Wa kwanza aliniambia pipa lilikuwa la sabuni. Wa pili, la mafuta ya kula. Wa tatu aliniuliza mimi ni polisi wa wapi. Mapipa ya wote watatu yalikuwa yameng'olewa etiketi, na kwa mmoja alama ya gundi ilikuwa ingali mbichi. Nani anang'oa etiketi ya sabuni?

Wamama si wajinga. Wanaosha kwa omo, kwa mchanga, kwa maji ya moto, wanaanika pipa kwenye jua siku mbili, wananusa. Kwa asidi, maji mengi yanasaidia. Lakini plastiki inafanya kama ile mbao ya Kentucky: vitu vya jamii ya mafuta vinaingia ndani ya ukuta wake, na omo haivifikii. Unanusa, husikii kitu. Kisha unamimina munkoyo, wenye uchachu, au lutuku, yenye alkoli kali, na alkoli ni fundi wa kuvuta vitu vya namna hiyo. Kile ambacho bia ya Ubelgiji inatafuta kwa makusudi, sisi tunakipata bila kuomba, na bila kujua jina lake.

Tena sizungumzii walevi tu. Munkoyo wanakunywa watoto. Anakunywa mama mwenye mimba, wanakunywa wakristo waliokataa pombe kabisa. Unga wa mahindi unapikwa uji, unapoa, mizizi iliyopondwa inatiwa, na kufikia kesho yake ule uji mzito umekuwa kinywaji chepesi chenye utamu. Ni ujuzi mkubwa, na mzizi ndio unaovunja wanga kuwa sukari, kazi ile ile ambayo kimea kinafanya kwa bia ya wazungu. Zamani kazi hiyo ilifanyika ndani ya kibuyu au nungu, na bibi zetu walikuwa na kibuyu cha munkoyo peke yake: hakitiwi sabuni, hakiazimwi, maana chachu ya jana ilikaa humo. Walijua kwamba chombo kinaingia katika kinywaji.

Na kwenye ndoa pipa lile lile la buluu linawekwa maji ya kupikia bukari.

Wako watakaosema: mwandishi anataka kuwaharibia wamama biashara, nungu haibebi lita 200. Ni kweli, haibebi. Lakini bidoni ya mafuta ya kula yenye maandishi yake ipo sokoni, na anayenunua anaweza kukataa chombo kisicho na jina. Wengine watasema dawa ni kukataza lutuku kabisa. Wabelgiji walikataza tangu ukoloni, na lutuku imewazika wote waliokataza. Majirani zetu walitumia njia nyingine. Zambia mwaka 2012 ilipiga marufuku tujilijili, na Tanzania mwaka 2017 ikafanya hivyo kwa viroba: zote mbili ziligusa kipakiti cha plastiki, yaani chombo. Sisemi pombe iliisha huko. Nasema kuna serikali zilizojua kuandika amri juu ya chombo, na yetu pia inaweza.

Amri yenyewe si ngumu. Pipa lolote lililobeba dawa ya kiwanda litobolewe chini au lipondwe kabla ya kutoka kwenye geti, na kampuni iandike mapipa mangapi yameingia na mangapi yametobolewa. Tobo moja linatosha, hakuna mama atakayenunua pipa linalovuja. Na wale wa usafi, wakija kumwaga lutuku, waanze kwa kuuliza pipa limenunuliwa kwa nani, kisha waende kwa huyo. Mama hana geti wala lori. Anayeng'oa etiketi anavyo, au anajuana na mwenye navyo.

Watu wa ziwa Tshangalele hawahitaji kufundishwa jambo hili. Miaka mingi wanalalamikia maji yanayoshuka kutoka viwanda vya Likasi, na wakati wanalalamika, mapipa yanapita nyuma yao kwenye baiskeli, mawili mawili, yakielekea jikoni.

Wauzaji wa mapipa wanaotaka kujibu, kipindi chetu kina nafasi Jumamosi asubuhi. Waje na etiketi zao.