Usukani Hugawiwa Kabla ya Mbio

Masika yaliyopita nilipanda bodaboda kutoka Ifakara kwenda Mngeta. Barabara ilikuwa tope tupu. Kijana aliyenibeba, gunia la mchele likiwa mbele yake juu ya tangi, alivuka kila dimbwi bila kuweka mguu chini. Tulipopumzika alitoa simu, akanionesha video ya Colton Herta, dereva wa mbio wa Marekani, kisha akauliza: “Mwalimu, huyu alianzia wapi?”

Swali hilo linastahili jibu la kweli, si maneno matamu ya wahamasishaji. Herta alizaliwa mwaka 2000. Januari 2019, akiwa na miaka 18, alikuwa mmoja wa madereva wanne wa BMW walioshinda daraja lao katika mbio za saa 24 za Daytona. Machi mwaka huohuo alishinda mbio za IndyCar mjini Austin, akawa mshindi mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia ya mashindano hayo. Kipaji chake hakina mjadala. Lakini baba yake, Bryan Herta, alikuwa dereva wa mbio kabla ya kuwa mmiliki wa timu. Nilimjibu kijana: alianzia kwa baba yake. Akacheka. “Basi mimi nimeanzia kwa bosi,” akasema, akawasha pikipiki. Jioni ilimpasa kupeleka hesabu.

Anayedhani hayo ni ya Marekani pekee atazame kwa jirani. McRae Kimathi wa Kenya, aliyeshindana kwenye theluji ya Sweden mwaka 2022, ni mtoto wa Phineas Kimathi, dereva wa zamani na kiongozi wa mchezo huo. Sina ugomvi na kijana huyo. Anajua kazi yake. Ninachokikataa ni hadithi kwamba juhudi peke yake hufungua milango.

Upo mlango mwingine, nao ni gereji. Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari. Alijua gari kwa spana kabla ya kulijua kwa mwendo. Mlango wa baba tajiri hakuna serikali inayoweza kumfungulia kila mtoto. Mlango wa gereji unaweza kufunguliwa kwa fedha za umma.

Hapa ndipo ninapogombana na watekelezaji wa sera zetu. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na vijana wana nne kati ya hizo. Kikundi kikiomba pikipiki, tunahoji katiba yake, akaunti yake na marejesho yake. Nani anahoji kama wanachama wamefundishwa kuendesha na kutengeneza chombo hicho? Tunawakopesha pikipiki, hatuwakopeshi ustadi. Pikipiki ya mkopo ikianguka, deni halianguki nayo. Kisha wakati wa kampeni tunawatilia mafuta waongoze misafara, na kuwaita nguvu kazi ya taifa.

Wapo watakaosema mbio za magari ni anasa, na mkulima wa mpunga ana shida kubwa zaidi. Nakubali. Sidai uwanja wa mbio Ifakara. Nadai kila mkopo wa bodaboda uambatane na mafunzo ya VETA ya udereva na umakanika, ada ikilipwa na mfuko huohuo, na leseni ipatikane kabla ya pikipiki. Bonde la Kilombero lina kombaini za kuvuna mpunga, matrekta, malori ya miwa na reli ya TAZARA. Mikono iliyotulia kwenye tope la Mngeta ingefaa huko kote. Na kama mmoja kati ya elfu angefika kwenye mashindano, angefika kwa haki.

Tukiwaacha walivyo, hatupotezi bingwa wa mbio tu. Tunampoteza fundi, dereva wa kombaini, na mara nyingine tunamzika kijana mwenyewe.

Kwa afisa maendeleo ya jamii unayesoma hapa: kikundi kijacho kikifika mezani kwako, usiulize tu nani atawadhamini. Uliza nani atawafundisha, na jibu liandikwe kwenye mkataba.